TULE LEO, TUSIILE KESHO

Wahenga walisema akiba haiozi. Msemo huo ni mzuri, lakini mtu akizuru vijiji vya kando ya Mto Tana msimu wa maembe, ataiona akiba ikioza mchana kweupe. Maembe yamejaa chini ya miti na nzi wanayashangilia, ilhali hapo hapo jirani kuna nyumba ambamo watoto wanalala njaa. Je, shida yetu ni ukosefu wa chakula, au ni namna tunavyokizalisha na namna tunavyokitumia? Hilo ndilo swali ninalotaka kulijibu katika makala haya.

Siku hizi tunasikia sana redioni na darasani habari za "kilimo endelevu" na "ulaji endelevu". Wengi wetu tunayakariri maneno haya ili tupite mtihani, basi. Maana yake si ngumu. Chakula endelevu ni kile ambacho ukikilima na kukila leo, udongo, maji, miti na hewa vinabaki katika hali ya kuweza kukulisha tena mwaka ujao, na kuwalisha wajukuu wako. Kinyume chake ni kula kama mtu anayebomoa ukuta wa nyumba yake apate kuni za kupikia. Atashiba, naam, lakini usiku atalala wapi?

Mimi ni mkaazi wa Minjila, pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Garsen. Mifano yangu mingi nitaitoa hapa hapa nyumbani, manake delta ya Tana ni kitabu kilichofunguliwa. Ukikisoma vizuri utaelewa jambo hili kuliko kusoma habari za nchi za mbali.

MZUNGUKO WA ZAMANI

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, yapata kilomita 1,000. Huanzia milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita Garissa, Hola na Garsen, kisha ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Huku kwetu mvua ni haba. Kwa hivyo sehemu kubwa ya maji yanayotulisha haikunyesha juu ya vichwa vyetu. Ilinyesha mbali sana, kwa watu ambao wala hatuwajui.

Mvua za masika na za vuli zinaponyesha huko juu, mto hujaa na kufurika. Mgeni akisikia neno mafuriko hushika kichwa. Lakini nyanya yangu, ambaye amelima mpunga maisha yake yote, huniambia kwamba mafuriko ya wastani ni mgeni anayekuja na zawadi. Zawadi yenyewe ni tope. Tope hilo hutoka milimani likiwa na rutuba, likatandazwa shambani bila mkulima kulipa hata senti.

Hebu tuufuate mzunguko huu hatua kwa hatua. Maji yakiingia bondeni, mpunga hupandwa. Yakianza kushuka, pale penye unyevu hupandwa mahindi, kunde, pojo na maboga. Kunde na pojo zina kazi ya ziada: kwenye mizizi yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Maji yanayobaki katika maziwa na vidimbwi huwa makaazi ya kambare, na mvuvi hupata kitoweo. Mavuno yakiisha, wafugaji huingiza ng'ombe mashambani kwa makubaliano. Ng'ombe hula mabua, huacha samadi, na mwenye shamba hupata maziwa. Kiangazi kikizidi, mifugo huja kutoka mbali, hata Garissa na Lamu, ikipita katika njia maalum za kwendea mtoni ambazo huku kwetu huitwa malka.

Chini zaidi, huko Ozi na Kilelengwani karibu na bahari, kuna jambo la kustaajabisha. Bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, huyasukuma nyuma maji matamu ya mto. Maji hayo hupanda, yakaingia katika mashamba ya mpunga kupitia mifereji midogo. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna bili ya stima. Wazee wetu hawakuwa na shahada za uhandisi, lakini waliyatazama maji mpaka wakayaelewa.

Angalia basi: mkulima, mvuvi na mfugaji wote wanatumia bonde moja kwa zamu, na takataka ya mmoja ni chakula cha mwingine. Huo ndio uendelevu wenyewe, hata kama hapakuwa na mtu aliyeuita kwa jina hilo.

NANI ALIUKATA MZUNGUKO?

Kati ya mwaka 1968 na 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa juu ya Mto Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, ndilo ghala kubwa la maji. Sisemi mabwawa ni mabaya. Nchi nzima inahitaji umeme, na hata mkaazi wa Nairobi anapofungua mfereji, sehemu kubwa ya maji anayokunywa inatoka katika vijito vinavyomwaga Tana. Lakini kila faida ina gharama, na gharama hii ilishuka na mto hadi kwetu. Bwawa hushika tope, likazama huko huko. Bwawa hupunguza pia yale mafuriko ya wastani ambayo mkulima anayahitaji. Ajabu ni kwamba yale makubwa ya kuangamiza hayazuiliki, kwani bwawa likijaa humwaga. Tuliyaona hayo mwaka 2018, tukayaona tena mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024, baada ya ukame ambao misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022.

Mto ukipungua nguvu, bahari huingia. Maji ya chumvi hupanda hadi mashamba ya Ozi na Kilelengwani, na mpunga haujui kunywa chumvi.

Halafu ikaja miradi mikubwa. Mradi wa mpunga wa delta chini ya TARDA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1974, ulijenga kingo na mifereji ili kuutenga mto na mashamba. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakaja yakaiharibu kazi ile. Funzo lake ni kwamba mto mkubwa hauambiwi "simama hapo". Afadhali kulima nao kuliko kulima dhidi yake.

Tusisahau mathenge. Mti huu wa kigeni ulipandwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980 kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Kumbe mti wenyewe haujui mipaka! Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake matamu, wakabeba mbegu tumboni na kuzipanda kila wanakopita. Leo umeziba malisho na baadhi ya malka, na miiba yake inatoboa hata tairi.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: mkulima akikosa mafuriko ya wastani, atalima wapi? Atasogea karibu zaidi na ukingo wa mto. Mfugaji akikuta malka imezibwa na shamba au na mathenge, atapitisha wapi ng'ombe wake? Hapo ndipo maneno huanza, na maneno huzaa mapanga. Kuanzia Agosti mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo, lakini katika darasa letu leo wapo wanaojua maana ya kukimbia usiku. Wanasiasa wana sehemu yao katika msiba ule, siwezi kukataa. Hata hivyo maji, ardhi na malisho vilikuwa ndani yake. Ndiyo sababu ninasema kwamba jinsi tunavyolima na kula si habari ya ndege na miti peke yake. Ni habari ya kuishi au kutoishi pamoja.

Yapo pia ya kutia moyo. Mwaka 2012 delta yetu iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la hekta 163,600. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilikubaliana na wanavijiji waliodai kwamba bonde lisigawanywe bila wao kushirikishwa, na mwaka 2015 ukazinduliwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta. Mpango kwenye karatasi haulishi mtu, lakini ni mahali pa kuanzia. Pakitokea ubishi juu ya malka, angalau kuna kitu cha kuonyesha badala ya panga.

TUJIFUNZE KUTOKA MWEA

Mwea, Kirinyaga, wanalima mpunga kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, ambayo huishia Tana. Kwa maneno mengine, wao na sisi tunakunywa kikombe kimoja, ila wao wanaanza. Tangu mwaka 2009 baadhi ya wakulima wa huko wamekuwa wakijaribu njia iitwayo kilimo shadidi cha mpunga, wakiongozwa na Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Njia hiyo ilianzia Madagaska katika miaka ya 1980 kwa padri Mfaransa, Henri de Laulanié.

Inafanywaje? Kwanza, miche huhamishwa ingali michanga, ya siku 8 hadi 15, badala ya kungoja mwezi mzima. Pili, shimo moja hupandwa mche mmoja tu, na nafasi kati ya mche na mche ni kama sentimita 25, ili mizizi isinyang'anyane chakula. Tatu, shamba halijazwi maji wakati wote. Hutiwa maji, likaachwa mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, kisha likatiwa tena. Nne, magugu hupaliliwa kwa kifaa kinachogeuza udongo na kuupa hewa.

Faida yake ni nini? Mbegu hupungua sana, na maji hupungua kwa kama robo au zaidi. Tena shamba linalokaa chini ya maji daima hutoa gesi ya methani, mojawapo ya gesi zinazoipasha dunia joto. Udongo ukipata hewa, gesi hiyo hupungua. Na sisi wa chini tuna faida yetu: kila ndoo inayookolewa Mwea ina nafasi ya kufika Garsen.

JE, TUACHE NYAMA?

Swali hili liliwahi kuzua mjadala mkali katika kikao chetu cha chama. Vitabu vingi vya ng'ambo husema ukitaka kuokoa mazingira, acha nyama ya ng'ombe. Kuna ukweli ndani yake. Ng'ombe hutoa methani anapocheua, na katika nchi nyingi hulishwa nafaka ambayo watu wangeweza kula, hata misitu hukatwa ili kumpatia malisho.

Lakini ng'ombe wa Kiorma hali mahindi ya mtu. Hula nyasi ambazo wewe na mimi hatuwezi kuzitafuna, katika nchi ambayo mvua yake haitoshi kilimo, akazigeuza kuwa maziwa na nyama. Kumwambia mfugaji wa delta aache ng'ombe ni kama kumwambia mvuvi wa Kipini aache bahari. Kwa maoni yangu, la busara hapa si kufuta mifugo bali kuilinda malka, kupumzisha malisho kwa zamu na kuuza mapema kabla ya kiangazi kikali, ili wasife mamia kwa mamia wakiwa wamekwisha kula nyasi zote. Ng'ombe aliyekufa njaa ni nyasi, maji na jasho vilivyotupwa.

Samadi nayo ni mali. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya dukani ulipita shilingi 6,000, kwa sababu ya vita na bei za gesi katika nchi ambazo wengi wetu hatutazifika. Mbolea ile ya naitrojeni hutengenezwa kwa nguvu nyingi za gesi, ikasafirishwa kwa meli na lori. Samadi inalala zizini hapo nyumbani. Nani mjanja?

NA SAHANI ZETU JE?

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, "Haya ni ya wakulima na serikali, mimi ni mwanafunzi tu." La hasha! Mlaji ni nusu ya mzunguko. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula majumbani, hotelini na madukani. Hicho ni kama kilo 19 katika kila kilo 100 zilizowafikia walaji.

Tupige hesabu ya kwetu. Tuseme shule ina wanafunzi 400, na siku ya wali kila mmoja anamwaga gramu 50, yaani vijiko viwili vitatu tu. Hizo ni kilo 20 kwa mlo mmoja. Kwa milo mitano kwa wiki ni kilo 100, na kwa muhula wa wiki 13 ni kilo 1,300. Mchele ukipikwa huongezeka uzito karibu mara tatu, kwa hivyo tumetupa si chini ya kilo 400 za mchele, ambazo ni magunia 8 ya kilo 50. Kilo moja ya mpunga huhitaji kwa wastani kama lita 2,500 za maji, ya mvua na ya mfereji. Basi pamoja na ule wali tumemwaga si chini ya lita milioni moja za maji, sawa na mitungi 50,000 ya lita 20. Wasichana wanaobeba mtungi kichwani kutoka mtoni wanajua uzito wa hesabu hiyo kuliko mwalimu yeyote wa hisabati.

TUFANYE NINI?

Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Haya hapa ni mambo ambayo shule yoyote ya huku kwetu inaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

Kwanza, tupakue kidogo, anayetaka zaidi arudi. Makombo yasiyo na plastiki yaende kwa kuku na mbuzi, na maganda yaingie shimo la mboji. Chakula kikioza kimerundikana jalalani hutoa methani. Kikigeuzwa geuzwa kwenye mboji na kupata hewa, hurudi kuwa udongo.

Pili, maharagwe na mahindi ya githeri yalowekwe usiku kucha. Yakilowekwa huiva upesi zaidi, na kuni hupungua. Wapishi wetu watashukuru pia, kwani moshi unawaumiza macho na mapafu.

Tatu, kuni na makaa vitokane na mathenge, tuiache miti ya asili ya ukingoni inayoshika udongo. Lakini tahadhari: ukikata shina peke yake litachipuka tena kwa hasira. Sharti kung'oa kisiki.

Nne, tule vya kwetu kwa msimu wake. Kunde, mchicha, ndizi, muhogo, kambare na wali wa delta havihitaji lori la kutoka bara. Maji ya kunawia mikono yanatosha kunywesha kitalu kidogo cha kunde nyuma ya jiko.

Tano, hayo maembe. Tuyakate vipande vyembamba, tuyaanike juu ya wavu ulioinuliwa na kufunikwa dhidi ya vumbi na nzi, mpaka yakauke kabisa. Yale mabichi tuyatie chumvi na pilipili, tuyaanike juani, tufanye achari kama wanavyofanya akina mama wa pwani tangu zamani. Jua ni la bure na huku kwetu halijapata kukosekana.

Sita, sisi wanachama tuliotoka katika jamii za wakulima, wavuvi na wafugaji tuwaulize wazee wetu malka za kila kijiji ziko wapi, tuziandike na kuzichora. Tutakapokuwa watu wazima tutakuwa tumekwisha kujua njia ya ng'ombe iko wapi na shamba liko wapi, tena tutakuwa tumejifunza hayo tukiwa tumekaa dawati moja.

Mtu asidharau kwamba mambo haya ni madogo. Haba na haba hujaza kibaba, na mtungi mmoja mmoja ulimwaga lita milioni. Mto tulionao ni mmoja. Wa juu wanautumia na wa chini wanautumia, na wale ambao hawajazaliwa nao wamo kwenye foleni. Tule tushibe, hapana anayetunyima, lakini tukumbuke kwamba nyuma yetu kuna mtu ameshika sahani.

Kwa leo kalamu yangu naiweka chini. Anayepinga, ukurasa wa mwaka ujao uko wazi, ajibu!

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.